Kufuli, Kufuru

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na zile zamu ndefu za wodini zimepunguzwa kama mkuu wako wa kazi alivyokuahidi. Sisi huku tunapumua. Magoti yananilalamikia kila ninapopanda ngazi za ofisi, na daktari amenikataza chumvi na hasira. Chumvi nimeacha.

Utashangaa kupata bahasha badala ya simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, nikikatizwa nabisha, nikianza kubisha nasahau nilichotaka kusema. Safari hii sitaki kusahau. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Habari ni za mwanao, Chiriku wetu. Najua amekuambia kwamba ana bendi, ila sidhani kama amekuambia ni bendi ya namna gani. Ni ya muziki wa metali. Yaani magitaa yanakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya saruji, drami zinashuka kama mvua ya mawe, na mbele yao amesimama mwanao, yule tuliyemwita Chiriku kwa kidomo chake chembamba, anatoa sauti kutoka tumboni ambayo siku ya kwanza ilinifanya nigeuke nyuma kutafuta ni mwanamume gani aliyeingia. Asubuhi yuko duka la miwani anapima watu macho, anawauliza wazee kwa upole kama herufi za mstari wa chini wanaziona. Jioni huenda kwenye karakana ya mpiga drami wao, ambaye ni fundi breki, wanasogeza jeki na matairi, wanaunguruma mpaka jirani agonge ukuta. Gitaa hupigwa na binti mshona mapazia, na besi na mwalimu wa hesabu, ambaye huvuta kofia mpaka puani wanafunzi wake wasimtambue.

Mwanzoni waliimba kwa Kiingereza, na wewe unanijua. Miaka ishirini na mbili nimekuwa na safu gazetini, na miaka yote hiyo nimewashambulia wanaokionea haya Kiswahili: mawaziri, wahadhiri, wenye mabango ya saluni. Sikuona sababu ya kumwacha mpwa wangu. Nilikwenda kuwasikiliza, nikarudi nikaandika nusu ukurasa. Niliuliza kwa nini mtu aliyebembelezwa kwa Kiswahili, akachapwa kwa Kiswahili, akiona uchungu aende kuazima hasira ya watu wengine. Nilisema hata paka akikanyagwa mkia halii kwa tafsiri. Nikawakumbusha kwamba Wafini wananguruma Kifini, Wajapani wanapiga kelele Kijapani, Wamongolia wanakoroma Kimongolia kutoka kooni, na dunia inanunua tiketi bila kudai mkalimani. Hawa wa kwetu wanaogopa nini?

Fundi breki alinitumia salamu kwamba mjomba ashike maikrofoni ajaribu mwenyewe. Alidai kwamba Kiswahili hakingurumi: kila neno linaishia na irabu, mdomo unabaki wazi kama wa mtu anayemwita muuza duka aliyelala. Nilimjibu gazetini wiki iliyofuata, kwa ukali kuzidi alivyostahili, maana namna nyingine ya kujibu sikujifunza.

Chiriku mwenyewe alikuja nyumbani Jumamosi moja, akaniamkia, akaketi jikoni na daftari, akaniuliza ni maneno gani yana u nyingi, kwa sababu ameona irabu hiyo hukubali kukaa kooni. Dada, tulikaa pale kutwa nzima. Ukungu. Kutu. Uvundo. Mvukuto. Tulishindana kunguruma kila neno mpaka mpangaji wa juu akashuka kuuliza kama kuna mgonjwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka vile. Alikuwa amelichukua neno langu kwa moyo wote, neno ambalo mawaziri na wahadhiri walilitupa, akaenda kulifanyia kazi.

Na kazi ilijibu. Mwaka haukuisha wakawa wanajaza ukumbi wa zamani wa sinema. Vijana walioniita kinasa sauti kibovu sasa walikuwa wanapiga mayowe kwa lugha yao, ngeli zote zimekaa sawa. Niliandika safu tatu mfululizo za kujisifu. Fundi breki akasema nidaiwe kiingilio kama mtu mwingine yeyote.

Kisha ukaja wimbo mpya. Huo hakunionyesha. Kuna mtu aliurekodi ukumbini kwa simu, akausambaza, na baada ya siku chache barua ya malalamiko ikafika kwenye kamati inayotoa vibali vya maonyesho. Mlalamikaji alisema kwamba bendi inaimba, tena kwa kurudiarudia: anaita Mungu, kufuru. Yaani ati kumwita Mungu ni kufuru. Kamati ilimwita Chiriku, ikamtaka aandike maneno ya wimbo wote na kueleza maana yake. Alikataa. Alisema neno lenyewe si kufuru, ni kufuli, kitu cha kawaida cha nyumbani, na zaidi ya hapo hana la kuongeza. Walipombana aseme ni kufuli gani, la nani, aliwaambia wamwite mjomba wake, kwa kuwa hakuna mtu hapa mjini anayejua maneno kumshinda.

Mwenyekiti alifurahi. Nimegombana naye gazetini mara mbili, lakini hata yeye anaamini sikio langu. Ni nani asiyejua nilivyowasumbua watangazaji kwa l na r? Ni mimi niliyewahesabia kwenye safu, wiki baada ya wiki, waliosema mahari wakitaka kusema mahali, na waliotuhimiza tukapige kula. Chiriku mwenyewe nilimfundisha tofauti hiyo kabla hajang'oka meno ya utoto. Ulimwacha kwetu ana miaka sita ulipokwenda kufanya kazi ng'ambo, na alipofika saba alikuwa hakosei hata akiwa na usingizi.

Basi walinikalisha kwenye chumba cha mikutano chenye feni inayogonga kila inapomaliza mzunguko. Waliniwekea spika za masikioni, sifongo ya upande mmoja imetoka. Niliwaomba warudie mara saba. Sauti yake ilikuwa chini kabisa, imefunikwa na magitaa, na wajumbe waliniangalia kama watu wanaosubiri majibu ya maabara. Katibu, mama mmoja mpole mwenye penseli, aliniuliza aandike l au r.

Nilimwambia aandike r.

Kibali kilifutwa palepale. Mwenye duka la miwani alimwambia Chiriku apumzike nyumbani mpaka mambo yatulie. Kuna mtu alikwenda akamwaga oili chafu kwenye mlango wa karakana, akaandika maneno ambayo sitayarudia. Mshona mapazia amepoteza wateja wawili wa harusi. Alhamisi ijayo kamati inaketi kwa mara ya mwisho, na isipobadili uamuzi, jalada linakwenda polisi kwa kosa la kukashifu dini. Hilo si suala la faini, dada. Ni kifungo.

Siku ile tulipotoka, Chiriku alinisubiri kwenye korido. Aliniuliza kwa adabu kama nilisikia vibaya. Nilimjibu kwamba nilisikia nilichosikia. Alinitazama, nadhani, kama anavyowatazama wateja wake wanaposoma mstari kwa kubahatisha, naye kazi haimruhusu kuwasahihisha. Akasema haya, mjomba, akaondoka.

Dada, ilikuwa l.

Niliisikia mara ya kwanza, wala sikuhitaji hizo sita nyingine. Niliomba warudie ili nipate muda wa kufikiri. Na ili ujue nilikuwa nafikiri nini, lazima nikuambie juu ya mama.

Nilikuambia alifariki usingizini, mchana, mimi nimemshika mkono. Umeishi na picha hiyo miaka kumi na mitatu, na mara mbili umenishukuru kwa ajili yake. Si kweli. Unajua ugonjwa wa kusahau ulivyomwanza. Usichojua ni kwamba alikuwa akitoka. Mara ya kwanza aliokotwa barabara kuu, kiatu mguu mmoja. Mara ya tatu alirudishwa na dereva wa lori la mchanga ambaye alibakiza kidogo tu amkanyage. Nikanunua kufuli. La shaba, zito, nikalifunga kwa nje kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na nikajiambia kwamba ni la nusu saa tu, la kwenda sokoni na kurudi. Nusu saa ikawa saa mbili. Sikumwambia mtu.

Siku yenyewe nilikuwa na mdahalo maktaba. Mada ilikuwa heshima ya lugha ya mama. Jirani aliyekuwa akikaa naye alikuwa msibani. Nilimfunga mama saa tatu asubuhi nikitaka kurudi saa tano. Mdahalo ulinoga, nikashinda, watu wakapiga makofi wamesimama, nikabaki kunywa chai na kusifiwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni, niliusikia kila nilipokaa.

Nilifika nyumbani saa tisa. Chiriku, miaka kumi na mmoja, alikuwa amerudi kutoka shule tangu saa saba, ameketi chini, mgongo kwenye ule mlango, kijiko mkononi. Alikuwa amejaribu kufungua skrubu za komeo lenye kufuli kwa kijiko mpaka kikapinda. Aliniambia bibi aliita Mungu. Kisha akamwita mama yake mwenyewe. Kisha akaniita mimi, kwa lile jina langu la utotoni. Kisha akanyamaza.

Nilifungua. Mama alikuwa sakafuni karibu na mlango, bado ana joto.

Nilimwambia mtoto kwamba mama yake yuko mbali, peke yake, na akisikia habari hii itamuua. Nilimtaka aahidi kwamba hatakuambia, na akaahidi. Kwa hiyo nilimpa mtoto mzigo wangu aubebe, na nikauita huruma kwako.

Sasa unaelewa nilichosikia kwenye zile spika. Anaita Mungu: kufuli. Anaita mama: kufuli. Anaita mwanawe: kufuli. Kwa mpangilio uleule. Hakunitaja jina, hakunitukana, hakuniita muuaji. Ni mlango tu ule na yule aliyekuwa nyuma yake, na kila l imetamkwa safi kama nilivyomfundisha. Watu wote mle chumbani walisikia kelele. Ni mimi tu niliyesikia wimbo.

Nikaona kitakachofuata nikisema l. Mwenyekiti atauliza kufuli gani, magazeti yatauliza, na mimi niliyewakaripia watu nusu ya umri wangu nitasimama mbele yao kama nilivyo. Katibu alikuwa ameinua penseli. Nilimtoa mwanao kafara kwa herufi moja ili nijinusuru, na nilifanya hivyo kwa sikio lilelile ambalo watu hunisifia.

Nimeandika maelezo ya kurasa mbili. Nimesema neno ni lipi, kufuli ni la nani, na kwamba niliidanganya kamati nikijua ninachofanya. Alhamisi nitayasoma mbele yao kwa sauti, na asubuhi hiyohiyo yatatoka gazetini mahali pa safu yangu, ambayo itakuwa ya mwisho. Watacheka, na fundi breki ana haki ya kucheka kuliko wote. Wanaweza pia kunishtaki mimi badala yake. Naogopa, sitakuficha. Lakini sikutaka ulisome hili kwa mtu mwingine, ndiyo maana bahasha hii inakuja na yule muuguzi mwenzako anayeruka kesho, ikufikie kabla ya Alhamisi.

Sikuombi unijibu, wala uniite tena ndugu yako kabla hujawa tayari. Ninakuomba jambo moja. Mpigie Chiriku leo. Kamati ilipomuuliza maana ya wimbo, angejiokoa kwa sentensi moja. Hakuisema, kwa sababu aliniahidi, na kwa sababu mpaka leo anaamini anakulinda wewe. Usimwombe radhi kwa niaba yangu. Hiyo ni kazi yangu na nitakwenda mwenyewe. Mwambie tu kwamba umeshajua, na kwamba sasa anaweza kusema.

Jitunze mgongo. Wape salamu wenzako wodini, na Mungu akupe nguvu kwa haya niliyokutwisha.

Ni mimi, mdogo wako.