Papa Polycarpe si mwizi

Omate, Walikale
tarehe 9 Juni 1958

Mupendwa kaka Faustin,

Jambo sana. Uko muzima? Mama Adelaïde, mugongo wake umepoa? Na ng'ombe zako za Nyamitaba, zinakuogopa ao ni wewe njo unaziogopa? Mimi niko muzima, tena ninazidi kuwa muzuri.

Kaka, ikala chini kwanza. Baba yako, Papa Polycarpe, alilala kasho, mule gerezani, siku mbili. Usilie, ametoka.

Hapa atelie ya mugodi, penye ninatumika pamoja na baba yako, walileta mashini ya kukomaza ngozi ya chuma. Iko kama kengele kubwa: wanatoa hewa yote ndani, wanatia gazi kidogo, na umeme. Hakuna kuni, hakuna makaa! Nilichungulia kwa kioo: mwanga wa rangi ya maua ya viazi umevaa chuma muzima. Nilisahau kupumua.

Papa Polycarpe alipikisha mule chuma cha pompi, cha inox, ile isiyoshika kutu hata uiloweshe mwaka. Tukaifunga kwa pompi ya maji, kule mutoni. Siku sita tu, tukaitoa: nyekundu ya kutu! Mimi mwenyewe nilipiga kelele. Mukubwa wa mugodi akasema: «Polycarpe, umeuza inox yangu, umeweka chuma cha ovyo!» Wakamufunga.

Niliacha shule mwaka wa tatu, lakini kichwa hakikubaki kule. Siku ya pili nikabeba tupa mpaka mbele ya mukubwa: «Bwana, chuma cha ovyo, tupa inakikula. Jaribu hii.» Akasukuma. Tupa ikateleza kama juu ya chupa! Akasukuma tena, jasho likatoka, meno ya tupa ikaisha. Chuma haina hata alama. Kaka, mukubwa mwenyewe akapapasa meno ya tupa kwa kidole!

Muzungu aliyeleta mashini akaitwa, akakubali: moto wa umeme ulizidi. Ngozi imekomaa sana, lakini imepoteza nguvu ya kukataa kutu. Chuma njo ile ile. Wakafungua kasho. Pole? Hakuna aliyeisema.

Sasa kazi yako. Kamyo yenye kubeba barua hii imebeba pia watu wa kwetu Mushaki. Walimuona baba yako akifungwa, hawakumuona akitoka. Tangu asubuhi hali kitu. Anauliza tu: «Kule kwetu watasema nini?»

Basi Jumapili, misa ikiisha, simama mulangoni mwa kanisa, usome barua yote kwa sauti. Polepole, wewe unamezaka maneno.

Unisalimie Mama Adelaïde, nyanya Nyiramana na dada Epiphanie. Mungu alinde nyumba yenu, na jina lake baba yako.

Ni mimi mudogo wako mwenye kukupenda,
Émile