Sanduku la Majimoto

Jumatano, tarehe kumi na nne, baada ya kazi

Kwa Dada yangu, uliyetangulia kuzaliwa na ukatangulia kukimbia,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanao wote. Natumaini mko wazima, na kwamba sikio lako la kushoto halikuumi sana na baridi hii. Mimi ni mzima kwa kipimo cha nyumba hii: nakula, naenda kazini, na vidole vyote kumi bado ninavyo, jambo ambalo kwa fundi vioo si dogo. Baba naye yupo. Anapumua, anakula, na asichokipenda anakitema.

Barua yako nimeipata. Umenikataza kukujibu kwa simu kwa sababu kwenye simu nageuza kila kitu kichekesho, na hapo umenipata. Umesema jirani yetu fundi cherehani alikupigia akakueleza kwamba Baba ameumwa na chungu kitandani, mwili mzima, mpaka jicho moja likafumba, na kwamba chungu wenyewe ni wale niliokuwa nikiwafuga. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mtu mzima wa miaka arobaini na moja anafuga chungu ndani ya nyumba kwa nini? La pili, je, Baba yuko salama mikononi mwangu, au uje umchukue, ingawa uliapa kwamba hutamtia machoni mpaka siku ya kumzika? Nianze na la kwanza kwa kuwa ndilo jepesi.

Mwaka juzi alikuja dukani kwetu mwalimu wa sayansi akaagiza sanduku la kioo la kufugia chungu darasani. Bosi wangu, ambaye tunamwita Milimita kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa mimi kazi. Nilikata vioo vitano, nikavigandisha kwa silikoni. Mwalimu alikuwa akipita kila jioni kutazama, na ananieleza habari za chungu utadhani anaeleza habari za ukoo wake. Alisema kundi zima, hata liwe la maelfu, huanza na mama mmoja. Baada ya mvua ya kwanza anaruka, anapandwa angani, anatua, anayavunja mabawa yake mwenyewe, kisha anajificha peke yake gizani. Hatoki kutafuta chakula. Wanawe wa kwanza anawalisha kwa mwili wake, anaiyeyusha ile misuli ya mabawa ambayo haina kazi tena. Nilimfikiria Mama, sikufichi. Yule mwalimu alihamishwa shule kabla hajachukua sanduku lake, na Milimita akasema nilibebe mwenyewe, kwani linamjazia duka.

Malkia wangu nilimkuta dirishani dukani siku mvua ilipoanza. Alikuwa wa kijani kibichi kilichofifia, wa wale majimoto wanaoshona majani mitini, ambao tukiwa wadogo tuliwakimbia kuliko mbwa. Nilisimama na kikatio mkononi nikamtazama akiyang'oa mabawa kwa miguu yake, moja baada ya jingine, bila haraka. Nilimtia kwenye kichupa cha dawa za Baba, nikaweka pamba yenye maji, nikakifunga kwa kitambaa cheusi na kukificha kabatini.

Mwalimu alikuwa amenionya nisimfungue mwezi mzima, kwamba malkia akishtushwa kwa mwanga hula mayai yake. Unanijua lakini. Nilimfungua asubuhi, mchana, jioni, nikihesabu mayai. Siku ya sita nikamkuta ameshika la mwisho mdomoni. Nilimchukia, Dada, nusura nimponde. Kisha nikakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akitufinya mapaja mpaka damu inavilia ili tunyamaze, kila aliposikia viatu vya Baba mlangoni. Alama zile zilikuwa za kucha za Mama, lakini viatu vilikuwa vya nani? Nikakifunga kichupa tena, na safari hii nikakiacha. Siku ya ishirini na tisa nilifungua nikakuta vibarua saba, wepesi, weupeweupe, wamemzunguka mama yao wanamlamba. Nililia kama mjinga.

Miezi kumi baadaye walikuwa hawahesabiki. Niliwapandia mmea mdogo ndani ya sanduku wakaushona majani. Ajabu ni kwamba gundi hawana wakubwa, wanayo watoto. Mkubwa humshika buu kiunoni kwa meno, anamsukuma huku na huku kama fundi na sindano, na mtoto anatoa uzi mpaka ananyong'onyea. Niliweka kinga ya mafuta ya mgando juu ya vioo ili wasipande, nikawa nayapaka upya kila Jumapili. Sanduku nililiweka chumbani kwa Baba, kwani dirisha lenye jua ni lile tu.

Sasa nikueleze walivyokuwa wakila. Ukiwatupia panzi hai hawamli hivyohivyo. Mmoja anashika mguu, wa pili mguu mwingine, wengine vipapasio, wengine mabawa, na kila mmoja anavuta kwake. Panzi anatandazwa kama nguo kwenye kamba. Hawana haraka. Wanavuta mpaka kiungo kinaachia, na kabla hakijaachia bado anatazama. Baba alikuwa akilaza shingo aone. Kiharusi kimemwachia nusu ya mdomo, na ile nusu ilikuwa inacheka kila mguu ulipong'oka. Na mimi nilikuwa nacheka pembeni yake. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu mimi na Baba kufurahia kitu kimoja. Nilikuwa narudi kutoka kazini na mende kwenye kopo, napanda ngazi roho juu, kama mtu anayekwenda harusini.

Usidhani kiharusi kilimfanya mpole. Watu wanapenda kuniambia mgonjwa ni malaika. Mkono wa kushoto umekufa, lakini wa kulia, ule uliokupasua sikio kwa ubao kwa sababu tu ulicheka mezani, uko hai na umeongezeka nguvu, kwa kuwa sasa unafanya kazi ya miwili. Nikimbadilisha shuka ananipiga kichwani. Nikimlisha ananipiga mdomoni kwa kijiko. Maneno yote yamempotea isipokuwa moja, na unaweza kulikisia. Ni lile lile "We!" alilokuwa akituitia kabla ya kipigo. Akitaka maji ni "We!" Akitaka choo ni "We!" Zamani alikuwa na methali yake pia, samaki mkunje angali mbichi, anaisema huku anakunja mikono ya shati. Leo mimi ni samaki mkavu, Dada, na bado nakunjwa.

Ijumaa ya wiki iliyotangulia tukio nilimpelekea uji akalipiga bakuli kwa nyuma ya mkono, ukanimwagikia kifuani wote ukiwa wa moto. Ngozi ilitoka na blauzi. Nilijipaka dawa mwenyewe, dukani nikasema nimeungua na silikoni ya kuchemsha, na Milimita akaniamini ingawa silikoni haichemshwi. Jumapili hiyo sikuweza kuinua mkono, basi mafuta ya kwenye vioo sikuyapaka, na siku zilizofuata nikasahau. Hivyo ndivyo majimoto walivyotoka wiki iliyofuata. Fundi cherehani anamwambia kila mtu kwamba nilisahau mafuta, na hapo hakusema uongo, kwani walitoka kwa kusahau kwangu. Sikuwatuma.

Lakini wewe hukuuliza walitokaje. Umeuliza kama Baba yuko salama.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Nilitoka sokoni na kapu la viazi. Mlangoni nikasikia "We!" mfululizo, bila kupumzika, na sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikasukuma mlango. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka sandukuni, ukashuka ukutani, ukapanda mguu wa kitanda. Asubuhi alikuwa amejimwagia uji wenye sukari kifuani na mimi nilikuwa nimemwacha nao, kwa hasira. Walianzia hapo. Alipowaponda kwa mkono wakakasirika, maana majimoto ukimponda mmoja wanakuja mia. Walikuwa shingoni, kwapani, ndani ya sikio, kwenye kope. Kila anayeuma anapinda tumbo na kutia tindikali pale alipopasua. Alikuwa anajipiga uso kwa ngumi yake mwenyewe.

Nilifanya nini? Nilitua kapu. Akaniona, akauinua ule mkono kuelekea kwangu. Na mimi, mwanamke mwenye mvi, nikajifunika uso kwa viganja vyote viwili na kujikunja, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa na miaka sita. Nikangoja pigo. Halikuja. Nilipochungulia kati ya vidole nikaona kiganja kimefunguka, kimenyooka. Kilikuwa kinaomba. Baba alikuwa ananiomba mimi.

Dada, nilielewa. Nataka ulijue hilo, usije ukanitetea kwamba nilipigwa na bumbuazi. Nilielewa vizuri kabisa. Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni, nikachukua kisu na beseni, nikaanza kumenya viazi.

Nilivimenya vyote. Vilikuwa kilo mbili. Nilimenya taratibu, nikatoa na vile vijicho, huku namtazama. Aliita "We!" mpaka sauti ikakauka, kisha akawa anaitamka kwa midomo tu. Mkono ulibaki juu muda mrefu, halafu ukaanguka. Hata hapo sikuinuka, kwani vilikuwa vimebaki viazi viwili. Sikuwa na hasira. Hasira ningekuwa nayo ningepiga kelele. Nilikuwa nimetulia kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi.

Viazi vilipokwisha nikanawa mikono. Ndipo nikamvuta mpaka bafuni, nikammwagia maji, nikapiga mayowe watu waje. Nilipiga mayowe mazuri sana. Fundi cherehani alikuja mbio na futi yake shingoni, akanisaidia kumtoa chungu nywelini mmoja mmoja, akawa anatikisa kichwa na kusema kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa anawasema chungu. Muuguzi wa zahanati alisema tungechelewa robo saa nyingine angekufa kwa koo kuvimba. Alinipongeza kwa kuwahi.

Aliniagiza pia niwaue wote. Nilichemsha maji sufuria mbili nikayamimina sandukuni. Kioo kikapasuka katikati, kazi yangu mwenyewe. Malkia nilimkuta chini ya majani yaliyoshonwa, vibarua wamemfunika kwa miili yao tabaka juu ya tabaka, wote wameiva. Nilipiga magoti nikamlilia mpaka nikatapika. Hakuwa na kosa lolote yule mama, na wanawe walifanya kazi waliyozaliwa kuifanya. Baba sikumlilia. Nimejaribu, kila siku najaribu, chozi halitoki. Najua unavyonijua, utasema nimejuta ila sijui kusema. Sijajuta, Dada. Nilichonacho ni woga, na ninayemwogopa ni huyu aliyekaa kwenye kigoda, kwa sababu ni mimi na alikuwa ameridhika.

Basi jibu la swali lako la pili ni hapana. Hayuko salama. Mimi siombi umsamehe, na sikio lako lina haki ya kutomsamehe. Naomba umwondoe. Usingoje mwisho wa mwezi wala likizo ya watoto, njoo Jumamosi hii. Nguo zake nimezikunja, ziko kwenye begi la buluu, na dawa ziko mfuko wa pembeni, nimeandika saa juu ya kila moja.

Nyumbani hutanikuta. Tangu Jumapili nalala dukani, juu ya maboksi, Milimita amenipa ufunguo na bahati nzuri si mtu wa maswali. Anayemlisha Baba ni fundi cherehani. Anadhani nakwepa aibu ya mafuta, na ameanza kusema vibaya juu yangu kwamba binti gani anamkimbia baba mgonjwa. Mwache aseme. Ufunguo wa nyumba uuchukue kwake.

Msalimie shemeji, umwambie namshukuru mapema kwa kukubali kumpokea Baba. Wabusu watoto, wakiuliza mama mdogo yuko wapi, waambie ana kazi nyingi. Ukiisha kuisoma barua hii usiichane. Iweke, ili siku nikikuomba unirudishie Baba uitoe uisome tena.

Neno moja la mwisho kuhusu kumhudumia. Ukimnyanyua, simama upande wake wa kushoto. Na akikuinulia mkono wa kulia, najua mwili wako utakavyofanya, hata wangu ulifanya hivyo. Usijifunike uso. Tazama kwanza kiganja, na kama kimefunguka, mpe anachotaka.

Ni mimi, mdogo wako,
Kitindamimba