Nilimsamehe Kwenye Uwanja wa Ndege, Sasa Hanipi Mwanangu

Dada Mshauri, asalaam aleikum, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa kwetu Moulvibazar nimeshahukumiwa tayari. Mimi ni mjane, mume wangu aliponitoka nilirudi kwa wazazi wangu, na mdogo wa marehemu, Motalib, akaniomba nimwache binti yangu Nijhum kwao amalize muhula wa shule, nikakubali, muhula ukaisha, mwaka ukaisha, na kila nikienda kumchukua naambiwa, "Shemeji, mtoto ni wa ukoo wetu, wewe kunywa chai uende."

Mwezi uliopita tukawa msafara mmoja wa Umra, mimi na kaka yangu, Motalib na mkewe, na majirani wengine, tukafika uwanja wa ndege alfajiri, wanaume wameshavaa ihramu na sote tumeshanuia, mara ukungu ukashuka, ndege haikuruka asubuhi, haikuruka mchana, wazee wanatetemeka na zile shuka zao mbili, bisi za mchele tumezila mpaka zimekwisha, ndipo jirani yetu Bibi Surjoban akapaza sauti, "Jamani, humu kuna mtu hajasamehewa, ndiyo maana tumezuiwa!" Unajua kwetu mtu haendi Makka bila kupita nyumba hadi nyumba kuomba msamaha, na Motalib alipita kote isipokuwa kwangu, basi macho yote yakamgeukia, akainuka, akasimama mbele yangu akiunganisha viganja. "Shemeji, kama nimekukosea, nisamehe."

Nikamuuliza, "Na Nijhum je?"

Ustadh Kuddus, kiongozi wetu, akanikatiza, "Mama, uko kwenye ihramu, hakuna ubishi humu! Wewe sema tu umesamehe." Na Bibi Surjoban, "Sema mwanangu, miguu imenivimba, unataka nifie kwenye kiti hiki?" Kaka yangu ananifinya mkono, nikasema, "Nimekusamehe." Ukungu wenyewe wala haukujali, tuliruka baada ya magharibi.

Tumerudi, nimekwenda kumchukua mwanangu, Motalib akacheka, "Si ulinisamehe mbele ya msafara mzima? Limekwisha hilo. Ukilifufua, umeivunja Umra yako." Nijhum alikuwa nyuma ya pazia, niliona miguu yake tu. Dada, naogopa. Nikimdai nitapata dhambi, nikinyamaza ndiyo nimempoteza, nifanyeje?

Mama Nijhum, Moulvibazar

Dada Mshauri anajibu:

Mama Nijhum, pole sana. Hiyo miguu nyuma ya pazia imeniliza, sikufichi. Lakini ngoja nipanguse macho nikugombeze kidogo.

Hivi wewe ulisamehe nini? Alisema "kama nimekukosea", na hayo ni yaliyopita. Mtu akikukanyaga ukamsamehe, hujamwambia aendelee kusimama juu ya mguu wako! Kila asubuhi Nijhum akiamkia kwa Motalib ni kosa jipya, na hilo hajaliombea msamaha. Kuhusu Umra yako, muulize mwanachuoni unayemwamini, ila usimuulize Motalib. Ubishi uliokatazwa ni wa ndani ya ihramu, na humo umeshatoka.

Kosa lako ni kumwendea peke yako kila mara, ukanyweshwa chai ukarudishwa. Huyo shemeji yako anaogopa watu, hujamwona? Hakukuomba msamaha mpaka alipotazamwa na msafara mzima.

Basi mpelekee watu. Nenda leo kwa Bibi Surjoban umwambie, "Bibi, nilisema kwa ajili ya miguu yako, sasa nayo ije kwa ajili yangu." Mchukue Ustadh Kuddus, maana hayuko tena kwenye ihramu na mdomo anao. Mchukue na huyo kaka yako hodari wa kufinya. Walitaka neno kutoka kwako wakalipata, sasa waende wakatake na la Motalib. Ijumaa baada ya swala waingie kwake wakae, na chai wasiiguse mpaka mtoto atoke na begi lake la shule. Akigoma, Jumapili asubuhi, wiki ya kazi kwenu ikianza, uwe mahakama ya familia, na haohao ndio mashahidi wako.

Mkishakaa, usilie wala usijieleze. Siku ile walilikatiza swali lako. Liulize tena, polepole, wote wasikie, kisha nyamaza umtazame yeye tu: "Na Nijhum je?"