Kisanduku Nilichokitupa

Reedley, California
Machi 9

Kwako Baba Mdogo Evaristo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Yakima, na kwamba goti halikusumbui sana wakati huu wa kupogoa matufaha. Mama anakusalimu. Bibi anasema umempigia simu mara moja tu tangu Krismasi.

Baba anaendelea na dripu za saratani ya utumbo kila baada ya wiki mbili. Hawezi kugusa kitu cha baridi, dawa hiyo hufanya vidole vimchome, kwa hiyo hufungua friji akiwa amevaa glavu zake za kuchumia zabibu. Jana alisema yeye ndiye mwizi wa kwanza kuvaa glavu ili aibe maziwa yake mwenyewe. Supu anakula, tortilla anaacha nusu. Muuguzi alimwambia Mama kwamba wahamiaji wengi kama sisi hufika pale wakiwa wamechelewa, kama Baba.

Mama amenieleza mlivyozungumza Jumapili. Daktari anataka ndugu wote wa Baba wapimwe utumbo kwa mrija wenye kamera, nawe ukajibu kwamba wewe si trekta la kuingizwa mipira. Tulicheka. Kisha Mama akaongeza ulivyosema, kwamba kama vipimo hivi vingekuwa na maana, kliniki ingemtumia kaka yako kimoja mapema, na haikumtumia kitu. Hapo niliacha kucheka.

Unajua barua zote za Kiingereza hapa nyumbani huzisoma mimi. Februari mwaka juzi kilikuja kisanduku cheupe kutoka kliniki. Ndani mlikuwa na kijiti, kichupa, na maelezo kwamba Baba achukue choo chake kidogo sana, akitie humo na kukirudisha kwa posta. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake Marisela, ninayesoma naye, anafanya kazi posta, nikawaza atakavyokipokea kikiwa na jina letu. Tena sikujua nitamtamkiaje baba yangu maneno yale mezani, tamales zikiwa mbele yake. Aliponiuliza ni nini, nilisema ni tangazo la dawa ya meno. Akasema kumbe hata Wamarekani wameyaona meno yake mabovu. Nikakitupa.

Novemba iliyopita, hospitalini, mkalimani alichelewa, nikatafsiri mimi. Daktari aliuliza kama Baba aliwahi kutumiwa kipimo cha nyumbani. Baba akajibu hapana, nami nikatafsiri hapana. Daktari akasema kwa upole kwamba mwaka mmoja na nusu nyuma huenda saratani hii ingekuwa kinundu tu cha kukatwa siku moja. Sentensi hiyo sikuitafsiri. Nilimwambia Baba kwamba daktari anasema ajipe moyo.

Kwa hiyo walimtumia, Baba Mdogo. Kipimo kilifika mpaka mlangoni kwetu, kikanikuta mimi.

Baba bado hajui. Nitamwambia Jumamosi, siku ambayo makali ya dawa yatakuwa yamepungua. Sikuombi unisamehe kabla yake. Nakuomba uende ukapimwe, na ukienda usimchukue mwanao Noemí akutafsirie. Omba mkalimani mtu mzima, ni haki yako. Noemí ana miaka kumi na mmoja, anakupenda, na ataona haya.

Msalimie sana Mama Mdogo Graciela. Ukishapimwa mpigie Baba wewe mwenyewe. Atafurahi kuwa na mtu wa kumtania.

Ni mimi binti yako,
Itzel