Lenzi Yangu Imefungiwa Stoo

Bildad, uko? Wacha hiyo chai. Watu wa forodha wamenikamatia lenzi! Ile kubwa niliyoagiza Japani, kwa yule muuzaji wa mitumba ya kamera. Ati inaleta ugonjwa!

Unajua Wajapani hawafichi kitu. Muuzaji ameandika wazi kwa karatasi kwamba kuna ukungu kidogo, ile kuvu, ndani ya kioo, na hautaonekana kwa picha. Yule mkubwa wa forodha akasoma, akaruka nyuma kama ameona nyoka.

"Mzee, huu ukungu una kibali cha watu wa mimea?"

Mimea, Bildad! Kwa lenzi!

Nikamwambia, "Bwana, hiki ni kioo, si mbegu. Kesho napiga picha za harusi Kombewa, na lenzi yangu ya zamani ilianguka ziwani. Nikikosa hii nimekosa kazi."

"Kombewa? Ukimaliza mahindi ya watu huko, nani ataulizwa? Piga picha na simu."

Na simu! Mtu mzima na tai yake, anaogopa kioo kitaua mahindi.

Ni hawa hawa wenye mihuri walinizungusha na karatasi za hospitali, marehemu mke wangu Khadijah akiwa kitandani. Muhuri mkubwa, kichwa tupu.

Sasa skiza. Ili isiambukize, wameifungia stoo. Nikachungulia. Stoo inavuja, ukuta umeota ukungu wa kijani mpaka kwa dari.

Nikamuuliza, "Bwana, na ule?"

Akaangalia ukuta, akaniangalia, bila hata aibu.

"Ule ni wa hapa, Mzee. Hauhitaji kibali."