Nyama ya Upatanisho Sitaila

Baba yangu mzazi,

Shikamoo. Mimi huku Dar es Salaam ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu kwa hilo. Mgongo wako unaendeleaje? Mdogo wangu Robhi aliniambia mvua zimewahi upande wa Nyambureti na mmeshapanda ulezi. Na Mama, siku hizi anakula? Nauliza kwa sababu kila nikipiga simu ananijibu "tuko salama", halafu anakurudishia wewe simu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unaiweka sauti ya juu, baba wadogo wote wanasikia, nami nashindwa kusema lililo moyoni. Barua hii nimempa dada mmoja anayekuja Mugumu. Naomba uisome kwanza ukiwa peke yako.

Ulisema wazee wamekaa, nyumba ya Wambura italeta dume la ng'ombe, tutachinja na kula pamoja, na jambo la kaka Mwita litakwisha. Ukasema lazima nije, maana dada wa marehemu asipokula, upatanisho haujakamilika.

Sasa sikiliza yaliyonipata darasani. Unajua nasomea mambo ya uhalifu na haki jinai. Juzi mwalimu alifundisha haki rejeshi, yaani aliyekosa na aliyekosewa kukutanishwa ili watengeneze kilichoharibika, badala ya mtu kufungwa tu. Akasifu mabaraza ya wazee wa Mara. Darasa zima likageuka kunitazama. Mmoja akasema kutoka nyuma, "Mkurya, usitukatekate!" Wakacheka. Nimechoka kuwaeleza kwamba mimi ni Mngoreme. Kwao watu wa Mara wote ni panga.

Mwalimu akanisimamisha. "Bhoke, wewe unatoka huko. Tueleze."

Nikaeleza. Nikasema ng'ombe wa Mzee Wambura walipotea, likapigwa yowe, wanaume wakamkuta kaka yangu njiani akitoka mashineni kusaga. Wakasema ndiye aliyewaonyesha wezi njia. Wakampiga mpaka akafa, unga umemwagikia kifuani. Kesho yake ng'ombe wakaonekana wakilisha kando ya bwawa la Manchira, hakuna aliyewaiba. Polisi walipokuja, kila aliyeulizwa alisema hakuona. Hata waliokuwa wakila kwetu hawakuona. Waliokamatwa wakarudi nyumbani.

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akauliza kwa upole, "Na waliompiga, wamekiri mbele ya wazee?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Wanasema ilikuwa bahati mbaya."

Akavua miwani. "Basi hiyo siyo haki niliyoifundisha," akasema. "Hapo mnaambiwa mnyamaze."

Nilikaa nikalia mbele ya watu walewale. Sikulia kwa sababu ya kicheko chao, Baba. Nimesafiri mpaka huku ndipo mtu baki akaniambia neno ambalo wewe uliyemzaa Mwita ulipaswa kulisema kabla ya mtu yeyote. Hukulisema.

Najua utasema usomi umenifanya niwadharau wazee. Siwadharau. Najua pia mnachota maji kisima kimoja na nyumba ya Wambura, na unaogopa Robhi asije akakutwa njiani kama kaka yake. Hofu hiyo ninayo hata mimi. Lakini Mama alimwosha Mwita kwa mikono yake mwenyewe. Kuna aliyemuuliza kama ataweza kuimeza nyama hiyo? Au atawekewa tu sahani mbele yake, watu wakimtazama mdomo?

Sitakuja kula. Nitakuja siku Mzee Wambura atakaposimama uani kwetu, mbele ya Mama, aseme kwa kinywa chake ni akina nani waliompiga Mwita, na kwamba Mwita hakuwa mwizi. Akisema hayo nitapanda basi mara moja, na dume wake abaki naye. Asiposema, kuleni ninyi. Lakini msimwambie mtu yeyote kwamba Bhoke amekubali.

Mwambie Mama nampenda, na asilazimishwe. Msalimie Robhi, mdogo wangu, asiache shule. Nisalimie bibi, na shangazi aliyetulea tulipokuwa wadogo. Baba wadogo nao wape shikamoo zangu. Heshima yao iko palepale.

Ni mimi, mtoto wako wa pili, ambaye sasa mnaniita wa kwanza,

Bhoke