Baba Mkwe Anataka Kuwa Shahidi Wangu Bomani

Mpendwa Bibi Roda,

Naomba msaada wako, tena naomba upesi, maana nimeshinda vita na sasa ushindi wenyewe unanitoa jasho. Mimi naitwa Nesta, Mnamwanga, fundi cherehani hapa Tunduma, na kwa miaka mitatu nimechumbiwa na Jairo, Mndali wa Ikinga anayefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Saza, kijana mpole, halewi, hapigani, na miaka yote hiyo baba yake hakutaka hata kusikia habari zangu (jina la mzee siliandiki, maana kwao mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, nami nimeshajizoesha), akisema mwanawe hawezi kuoa msichana wa mpakani anayeshinda barazani mwa duka akiwashonea wasafiri suruali. Kanisa letu likataka Jairo ahamie kwetu, kanisa lao likataka mimi nihamie kwao, tukaona yaishe, tutafunga ndoa ya serikali bomani Mbeya, na mzee aliposikia hivyo ndipo akazidi, akasema ndoa ya kugongwa muhuri kama kifurushi cha posta yeye haijui.

Sasa sikia nilivyomshinda. Kwa Wandali, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani, hawatazamani usoni. Kwetu nako tunawaheshimu wakwe, lakini si kwa ukali huo. Mwaka huu wakati wa palizi nilikwenda Ikinga kumsaidia mama yake Jairo, natoka kisimani mtungi kichwani, nakata kona, huyo mzee anakuja! Njia nyembamba, kulia mlima, kushoto bonde. Bibi Roda, sikufikiri mara mbili, nilijitupa bondeni na mtungi wangu, nikabiringika mpaka kwenye maboga ya watu, mtungi ukapasuka, nikalala kifudifudi maji yananichuruzika shingoni mpaka nikasikia amepita.

Jioni nikamsikia nje ya nyumba akinguruma kwa mkewe, "Yule wa mpakani yu mzima? Mabinti wa hapa siku hizi wananipita wakinipungia mikono. Huyu ndiye mkwe! Mwambie Jairo nimekubali, na huko bomani nitakwenda mwenyewe, shahidi ni mimi, dole gumba langu ndilo litakalowekwa." Loo! Nililia, nikacheka, nikacheza, mpaka mama mkwe akanishika mkono akisema nitamvunjia na chungu cha mboga.

Basi furaha yenyewe haikukaa. Jairo alikwenda bomani kupeleka tangazo letu, akarudi akanieleza chumba kilivyo, meza ya Bwana DC, kabati, benchi moja, mlango mmoja, na sote tutasimama humo humo pamoja na mashahidi. Nikamwuliza, na baba je? Akacheka, akasema, "Nesta, pale ni serikalini. Miiko tutaiacha nje pamoja na kofia, utamsalimia baba kwa mkono kama watu wa mjini." Nikamwuliza kama basi mtungi niliuvunja bure, akageuza maneno, akaulizia gauni. Dada yangu Enesi naye ananishauri tumdanganye mzee kwamba siku imesogezwa, tufunge bila yeye, akija tuseme karani ndiye aliyekosea. Mimi sijui nishike lipi. Nikiingia naye chumba kimoja nimeikanyaga heshima ile ile iliyonipa mume, nikimkwepa nimemtukana mtu aliyenikubali baada ya miaka mitatu, atarudi Ikinga kwa hasira na sitakanyaga tena kwake. Tangazo limeshabandikwa ubaoni, gauni nimeshalishona, na siku ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Usingizi sina. Nifanyeje?

Nesta,
Tunduma

MAJIBU YA BIBI RODA

Binti yangu Nesta,

Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, na wewe mwezi huna, kwa hiyo majibu haya nimekutumia kwanza kwa posta, ndipo nikayaleta hapa wasome na wengine.

Hongera, mwanangu! Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya maboga. Kila siku naandikiwa na wachumba wanaolia kwamba wakwe hawawataki, wamewapelekea sukari, wamewapelekea vitenge, wapi! Wewe umemgeuza mzee mwenye shingo ngumu kwa kujibwaga bondeni. Nimekuvulia kilemba.

Sasa nikugombeze, maana umejitakia. Nianze na huyo Jairo wako. Mwambie Bibi Roda anasema kama angekuwa karibu angemvuta sikio. Heshima ya baba yake si kofia ya kutundika mlangoni. Yeye amezaliwa ndani yake ndiyo maana anaiona nyepesi. Wewe uliyejifunza ukubwani unaujua uzito wake, magoti yako yalichubuka. Dada yako Enesi naye usimsikilize hata kidogo. Siku na mahali pa ndoa vimeandikwa ubaoni pale boma, na Wandali wanaojua kusoma wamejaa Mbeya nzima. Mzee ataujua uongo wenu kabla hamjashuka kwenye lori, na hapo hata ukijitupa mabonde yote ya Ikinga hatakutazama tena. Ah, nimekosea, hata sasa hakutazami. Unanielewa.

Na wewe mwenyewe! Unamhangaikia mzee wa watu kana kwamba hajui alichokisema. Ameishi na miiko hiyo tangu hajaota ndevu. Amehudhuria misiba, amehudhuria harusi, na wake za watoto wake wengine walikuwapo huko huko. Unadhani hajafikiri atasimama wapi? Mmemwuliza? Hamkumwuliza! Mmekaa vijana watatu mkahesabu mlango mmoja, mkaona dunia imekwisha. Mbona hakuna aliyehesabu madirisha?

Fanya hivi. Mtume mama mkwe amwulize mzee mwenyewe anataka iweje, na atakalosema lifuateni. Jairo apande lori aende bomani mapema, amweleze karani jambo zima bila kuona haya, na aombe lifikishwe kwa Bwana DC: je, baba anaweza kusimama barazani dirisha likiwa wazi, asikie kila neno, kisha aingie kuweka dole lake bibi harusi akishatoka? Sheria anaijua Bwana DC, siijui mimi, kwa hiyo msibahatishe. Akikubali, mmepata shahidi. Akikataa, chukueni mashahidi wengine, na mzee asimame pale pale dirishani kama baba, maana sijasikia sheria inayomfukuza baba kwenye baraza. Wewe jifunike mtandio mpana, ingia wa kwanza, toka wa kwanza, na usigeuke. Jina la mzee alisome karani, wewe taja la Jairo, linakutosha.

Na usimwombe mtu radhi kwa heshima yako, mjini wala shamba. Nenda ukaolewe.

Bibi Roda

BARUA YAKE YA PILI

Bibi Roda mpendwa,

Tumeoana! Mzee alipoulizwa alimwambia mama mkwe, "Kwani walidhani nitaingia? Mimi nawaza dirisha tangu siku ile niliposema nitakwenda." Nikaona aibu! Bwana DC naye alikubali, tena akaamuru meza yake isogezwe karibu na dirisha.

Siku yenyewe mzee alisimama barazani na koti lake jeusi la kanisani, mgongo ukutani, sikio dirishani. Hayo nimeambiwa na Jairo, maana mimi chini ya mtandio niliona viatu vyangu tu. Karani akasoma majina, tukajibu, halafu akauliza kama yupo mwenye pingamizi juu ya ndoa hii. Mara nje mzee akakohoa. Bibi Roda, nusura nianguke! Jairo akanishika mkono, wake wa baridi kuliko wangu. Bwana DC akasimamisha kalamu.

"Pingamizi ninalo mimi," mzee akasema, sauti ikafika hadi barabarani. "Mnachelewa! Binti huyo ni mwanangu, andikeni."

Boma zima likacheka, Bwana DC akacheka, akina mama waliokuwa nje wakapiga vigelegele, na mimi ndani ya mtandio nikalia mpaka gauni likalowa kifuani. Nikatoka bila kugeuka, kama ulivyoniagiza. Mzee akaingia, akaweka dole lake, wanasema alilikandamiza mpaka wino ukaruka mezani.

Tulipokuwa tunangoja lori, mama mkwe akanijia na mzigo uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nikafungua. Mtungi mpya! Akaniambia mzee aliubeba mwenyewe begani kutoka Ikinga, vilima vyote vile, watu wakimcheka njiani, mwanamume mzima na mtungi, na alikataa kumpa mtu yeyote amsaidie.

Kesho tunahamia Saza. Cherehani itapanda juu ya lori pamoja na mizigo mingine, lakini mtungi nitaupakata mwenyewe.

Nesta, mke wa Jairo